Wale wa Septemba

Jumatatu ya wiki ya tafakuri, Orrin Haskett aliegesha gari mbali na mlango wa chuo. Nafasi za karibu zilikuwa za walimu wa kudumu, na yeye alikuwa mwalimu wa kibarua. Alizunguka nyuma akafungua buti. Humo ndimo ilimokuwa ofisi yake: masanduku ya karatasi za wanafunzi, kamusi, stapla, na chupa ya kahawa aliyoifunga kwa mpira isipinduke kwenye kona za milimani. Alikuwa akifundisha uandishi katika vyuo vitatu vya kaunti tatu. Ofisi ya aina hiyo ilikuwa na faida zake, maana mtu hakuhitaji kukumbuka ameacha nini wapi.

Alipokuwa akilitoa sanduku la darasa la asubuhi, aliwaona wa kwanza wakipanda kutoka barabara kuu. Theluji nyembamba ilikuwa imelala chini, nao walikuwa wamevaa kaptura na ndara. Walikuwa wanafunzi wake wa mwezi Septemba.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," mmoja alisema akijikumbatia. "Darasa ni chumba kilekile?"

"Kilekile. Lakini pitieni kwanza pale mlangoni kwa Bi Nadine awape makoti."

Chuo cha Caney Fork kilikuwa juu ya mlima ambao kampuni ya makaa ya mawe iliukata kichwa, ikachukua ilichokitaka, kisha ikautoa uwanja uliobaki kama zawadi kwa elimu. Upepo pale haukuwa na cha kuuzuia. Kwa hiyo kila Desemba kanisa la Wamethodisti lilileta makoti makuukuu kwa ajili ya wale wa Septemba, na jikoni waliongeza maharage kwenye sufuria.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa siku nyingi. Katika wiki ya kwanza ya masomo kila mwanafunzi aliandika ukurasa mmoja kwa mkono, bila kusaidiwa, ukafungiwa kwenye jalada. Muhula ukielekea ukingoni aliandika barua ya tafakuri, akieleza alivyokuwa gizani na jinsi alivyofunguliwa macho. Alipofika kwenye sentensi inayoanza "Mwanzoni mwa muhula", yeye mwenyewe wa mwanzoni mwa muhula aliondoka huko alikokuwa akaja kwa miguu, na nguo alizovaa siku ile. Alikaa siku kadhaa. Kamati ilimkalisha kando ya mwenzake ikawatazama, ikapima umbali uliopo kati yao, na alama zilipotoka alikwenda zake, kama mafua yanavyokwenda. Mama mmoja wa darasa la jioni alimtumia wake kulea watoto ili apate usingizi. Wengine waliwafungia ndani kwa aibu.

Siku hiyo darasani viti havikutosha. Tanner Sizemore, kijana mnene wa kofia ya besiboli, alikuja amemkumbatia wake begani.

"Mwalimu, huyu wangu ni bure kabisa," alisema kwa fahari. "Hajui hata koma."

"Koma ni mnyama gani?" yule wa Septemba aliuliza, kisha akamkonyeza Orrin.

Binamu yake Tanner alikuwa amepita kozi ile mwaka uliotangulia, akamwachia urithi: Septemba lia, Desemba cheka. Kwa hiyo Tanner aliuandika ukurasa wake wa kwanza kwa mkono wa kushoto. Orrin alijua. Kila mwalimu alijua, na wote walimpenda Tanner, kwa kuwa alirahisisha kazi.

Darcy Ratliff hakuwa na binamu wa kumwonya. Alikuwa msichana mwembamba, wa kwanza katika ukoo wake kukanyaga chuo, na wake wa Septemba alikuwa kando yake katika fulana isiyo na mikono. Walikuwa wameinamia barua ya tafakuri, vichwa vikigusana.

"Hapa umesema 'sana'," wa Septemba alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Litoe."

"Kweli. Halina kazi." Darcy wa Desemba akalifuta.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. *Mwanzoni mwa muhula niliandika jinsi Babu alivyokufa. Niliandika nilichokiona. Leo ningeandika vilevile.* Orrin aliisoma akiwa amesimama nyuma yao.

Ukurasa huo wa Septemba aliukumbuka. Alikuwa ameusomea ndani ya gari, kwenye maegesho ya chuo cha pili, akachelewa kuingia darasani. Ulianza na mbwa wa jirani wakilia minyororoni maji yakipanda. Ulimwonyesha mzee Burl Ratliff, asiye na meno ya juu, akiwa amerudi kuwafungua. Ulisema maji hayakutoka mbinguni. Yalitoka juu ya mlima, kwenye bwawa la maji machafu la kampuni, ambalo kampuni ilijua tangu masika kwamba lina ufa. Na mwishoni mzee alikuwa ameshika nguzo ya baraza, akimpigia mjukuu wake kelele, "Usinitazame mimi! Tazama unapokanyaga!" Mjukuu akatii, na alipofika juu akageuka, baraza haikuwepo. Chini ya maneno hayo Orrin aliandika "Vizuri", maana hakuwa na neno jingine tayari.

Jumatano kamati ilikaa maktabani. Daktari Glenna Pettibone, mkuu wa idara, mwanamke mpole wa skafu, alikuwa katikati. Kulia kwake alikuwa Bwana Lyle Amburgey wa historia. Kushoto alikaa mtu wa ofisi ya vipimo, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya alama.

Tanner alitangulia. Wake wa Septemba aliulizwa aya ni nini, akafikiri mpaka akaanguka kitini. Tanner wa Desemba alimwinua kwa huruma, akaeleza kwamba aya ni nyumba ya wazo. Walimpa tano, alama ya juu.

"Umetoka mbali," Daktari Pettibone alisema, ameguswa.

Kisha wakaingia wale Darcy wawili.

"Yupi ni yupi?" Daktari aliuliza.

"Mimi ndiye mwenye viatu vya baridi," wa Desemba alisema.

"Na mimi ndiye mwenye baridi," wa Septemba alisema.

"Haya. Darcy, tuambie, Septemba ulikuwa na upungufu gani?"

"Sikuwa na gari, Daktari. Hata sasa sina."

"Katika uandishi, mpenzi."

Walitazamana. "Sikuwa na kalamu," wa Septemba alisema baada ya kufikiri kwa dhati. "Niliazima."

Bwana Amburgey aliuchukua ukurasa akausoma kwa sauti. Alipofika kwenye baraza sauti ilimkatika. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema mama yake alizaliwa bonde lilelile. Kisha akaandika moja.

"Lyle, mbona moja?" Orrin aliuliza.

"Ukurasa ni mzuri, Orrin. Ni mzuri mno, ndiyo shida yake. Kama tungekuwa tunapima kurasa ningempa zote. Tunapima ukuaji. Hebu watazame. Kati ya huyu na huyu mimi sioni hatua hata moja."

"Hatumwadhibu mtu," Daktari Pettibone aliingilia kwa upole. "Kila mtu hukua. Huenda Darcy hajajikubali alivyokuwa. Tutamwona tena Jumatatu, na Mwalimu wake atamsaidia kuionyesha safari yake."

Kwenye ujia Daktari alimfuata Orrin akampa biskuti yenye umbo la nyota. "Ratiba ya Januari bado naipanga," alisema. "Ningependa sana kukuona humo."

Orrin alikuwa mtu wa mpango. Aliketi garini akaligawa tatizo vipande viwili. Ili umbali uwepo, ama wa Desemba apandishwe, ama wa Septemba ashushwe. Kumpandisha wa Desemba ilikuwa vigumu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na la kumwongezea. Wazo hilo halikumpendeza, akalipita haraka. Akabaki na la pili.

Alikutana na wale Darcy wawili kesho yake kwenye kituo cha mafuta cha njia panda, ambako nyuma ya rafu za oili kulikuwa na meza za kulia. Darcy wa Desemba aliagiza vimkate vya moto na mchuzi mweupe wa soseji. Wa Septemba alipewa karatasi na kalamu. Koti la kanisa lilikuwa la mwanamume, mikono yake ikimfunika vidole.

"Kwa hiyo leo tunafanya nini, Mwalimu?" aliuliza.

"Unajifunza kuandika vibaya."

"Na hilo nalo lina mwalimu?"

"Lina mwalimu," Orrin alisema. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alihisi ana somo analolijua hadi mizizi. Alikuwa amesoma uandishi mbaya kwa miaka kumi, sanduku baada ya sanduku. "Anza na mwanzo wa dunia."

"Mimi naanza na mbwa wa jirani."

"Mbwa hatangulii. Andika: *Tangu mwanzo wa dunia, binadamu amekuwa akiishi karibu na maji.*"

Aliandika, akaitazama. "Ni uongo huu?"

"Si uongo wala si kweli. Ndiyo uzuri wake. Sasa, babu yako humwiti Babu, humwiti Burl. Mwite mwanajamii."

"Mwanajamii hakuwa na meno ya juu," Darcy alisema huku akiandika.

"Toa meno."

"Hayakuwepo hayo, Mwalimu. Nitatoaje kitu ambacho hakipo?"

Wa Desemba alicheka, mchuzi ukamwingia puani. Orrin naye alicheka. Wa Septemba akapiga mstari juu ya maneno yale.

"Lakini jamani Babu alikuwa na vituko," wa Desemba alisema, bado akicheka. "Tofaa alilila kwa kijiko. Anakwangua hivi, polepole, kwa sababu..." Kijiko kilibaki hewani.

"Kwa sababu gani?" Orrin aliuliza.

"Sijui." Alikitazama kijiko. "Nadhani alipenda kijiko tu."

Orrin aliona: wa Septemba alipofuta, wa Desemba alisahau. Mtu wa Desemba hunywa maji ya Septemba, hana kisima kingine, na yeye alikuwa na akili ya kutosha kulielewa hilo bila kuchorewa. Aliagiza kahawa nyingine.

"Tuendelee," alisema. "Hapa kwenye bwawa. Hapa unalaumu."

"Ndiyo, nalaumu."

"Mwandishi asiyekomaa hulaumu. Andika: *Mafuriko husababishwa na mambo mengi.*"

"Mambo gani? Lilikuwa moja. Lilikuwa pale." Akanyoosha mkono dirishani, ambako mlima ulionekana ukiwa na bwawa lake, lililozibwa tayari na kujazwa tena.

"Andika mengi."

Akaandika mengi. Kandoni mwake wa Desemba alitazama kule dirishani mkono ulikoelekea, akauliza kama kuna ndege.

Adhuhuri bibi yao, Ottie Ratliff, alikuja kuwachukua kwa gari lake la kubebea nyasi. Alikuwa mjane mfupi, mnyoofu, mwenye mikono mikubwa. Aligonga kioo kwa ufunguo, kisha akaingia.

"Wote wawili garini," alisema. "Huyu wa Septemba anakula kama mvuna tumbaku. Lakini angalau anaosha vyombo. Ningeambiwa nichague, yule mwingine angelala njiani."

"Bibi, nakusikia," Darcy wa Desemba alisema.

"Nimesema usikie." Akamgeukia Orrin. "Mwalimu, unamnyoosha huyu mjukuu wangu?"

"Tunajitahidi, Bibi Ottie."

"Nataka ile karatasi yake ikae sawa ifikapo Mei, siku ya kupamba makaburi. Ataisoma kule juu. Siku tuliyomzika Burl, mchungaji alisimama akasema Mungu ana mipango yake. Nikamwambia, Mchungaji, Mungu hakulichimba lile bwawa. Akanishika mkono akasema nina uchungu. Basi. Nimemlea huyu mtoto na nimempeleka chuo ili watu wote wakiwa pale na sahani zao, mtu aliyesoma asimame aseme kilichomuua. Mimi nikisema wanasema ni uchungu."

"Itakaa sawa," Orrin alisema, akamfungulia mlango.

Siku iliyofuata walibakiza sehemu moja tu, ile ya baraza. Orrin alikuwa ametayarisha badala yake: *Kwa kumalizia, usalama ni jambo muhimu kwa kila mwanajamii.* Darcy wa Septemba aliisoma mara mbili, akaweka kalamu mezani.

"Hii siandiki."

"Ni ya mwisho."

"Mengine nimeandika, Mwalimu. Hii siandiki. Yale ya baraza ni maneno ya Babu. Hakuyasema kwa mtu mwingine."

Orrin hakupandisha sauti. Hakuwa na desturi hiyo. Aliwaeleza mambo yalivyo: bila kozi ile hakuna chuo kikuu cha jimbo, na bila chuo kikuu hakuna sheria. Darcy alitaka kusomea sheria. Alikuwa akisema hivyo tangu mazishi, kwamba siku moja atawakalisha wale watu wa kampuni mahali ambapo mtu akiulizwa ni lazima ajibu.

Mashine ya barafu ilinguruma nyuma ya kaunta.

"Iandike tu," wa Desemba alisema hatimaye.

"Una hakika?"

"Ni karatasi. Mimi ninayo hapa." Aligusa paji la uso. "Hayo hayatoki, hata wakinigonga na nyundo. Mei nitasimama niyaseme bila karatasi." Akamgeukia Orrin. "Si ndiyo, Mwalimu? Hayatoki?"

Orrin alifikiria kijiko. Alifikiria pia kwamba jibu la swali kama hilo lingehitaji maelezo marefu, na kituo cha mafuta si mahali pake, na ratiba ya Januari ilikuwa inapangwa.

"Kitu unachokijua vizuri hukipotezi," alisema. Ilikuwa sentensi nzuri. Haikuwa uongo wala kweli.

Wa Septemba aliandika. Aliandika polepole, na mwandiko wake ulikuwa umeanza kulala. Alipoweka nukta alikunja mikono ya koti, akatazama mbele kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Umemaliza?" wa Desemba aliuliza.

"Nimemaliza."

"Haya basi." Akavuta sahani, akaifuta mchuzi kwa kipande cha mwisho. Hakuuliza alichomaliza ni nini.

Jalada lililokuwa ndani ya buti lilijirekebisha lenyewe. Orrin alipolifungua, ukurasa wa Septemba ulianza na mwanzo wa dunia, katika wino uleule wa kalamu ya kuazima, na neno lake "Vizuri" lilikuwa chini yake palepale. Aliacha likae.

Ilibaki barua ya tafakuri. Darcy wa Desemba sasa hakuwa mwepesi kama zamani. Alikaa mbele ya karatasi nusu siku, na kilichotoka kilianza na *Tangu mwanzo wa dunia*. Hapo Orrin alifundisha kwa bidii. Alimwonyesha kwamba dunia ni ya zamani mno, kwamba mwandishi aliyekomaa husogea karibu zaidi. Walihangaika hadi wakafika kwenye *Katika miaka ya hivi karibuni*.

Jumatatu kamati iliona tofauti mara moja. Wa Septemba aliulizwa ukurasa wake unahusu nini, akasema unahusu maji na jamii. Wa Desemba aliulizwa akasema unahusu changamoto za maji katika jamii.

"Hiyo hapo!" Daktari Pettibone alisema, akagonga meza kwa kiganja. "Amesikia kila mtu? Changamoto."

Bwana Amburgey aliusoma ukurasa wote wa Septemba bila kuvua miwani. "Kweli, mwanzoni hali ilikuwa mbaya," alisema, akaandika tano. Mtu wa ofisi ya vipimo alijumlisha. Darcy Ratliff alipata cheti cha mwandishi aliyekua kuliko wote katika muhula ule, na Tanner, aliyekuwa wa pili, alinung'unika ukumbini kwamba yule dada alikuwa na kocha.

Alama zilipotoka, wale wa Septemba waliondoka. Walikunja makoti ya kanisa wakayapanga mlangoni, wakashuka mlima kwa kaptura na ndara kuelekea walikotoka. Darcy wa Septemba alikuwa wa mwisho. Alisimama kwenye maegesho akitazama upande huu na upande ule. Orrin alikuwa akipanga ofisi yake.

"Umesahau kitu?" alimuuliza.

"Sijui, Mwalimu. Sikumbuki nilikuja kwa njia gani."

Tanner wa Septemba aligeuka kule chini, akarudi, akamshika mkono. "Twende, dada," alisema, na sasa hakuwa akiigiza. "Ni huku. Nifuate." Wakashuka pamoja.

Januari Orrin alipewa madarasa mawili badala ya moja. Daktari Pettibone alimwomba pia afundishe wiki ya utangulizi kwa wanafunzi wapya, kabla hawajaandika ukurasa wa kwanza. Mtaala wake ulikuwa ule wa kituo cha mafuta, umepigwa chapa vizuri, na vyuo vingine viwili viliomba nakala. Darcy alipokelewa chuo kikuu cha jimbo kwa ajili ya muhula wa vuli. Kwenye fomu, palipoulizwa anachotaka kusomea, aliandika mawasiliano. Bibi yake alimuuliza kama si sheria. Darcy akasema sheria ilikuwa kama ndoto ya utotoni, hakumbuki hata ilianzia wapi.

Mara moja, mwezi Machi, Orrin alijaribu kuukumbuka ukurasa ule wa kwanza. Alikuwa amekaa kwenye maegesho yaleyale ya chuo cha pili. Alikumbuka kwamba siku moja alisoma kitu pale akachelewa darasa. Alikitafuta hicho kitu kwa muda, kwa utaratibu, kama mtu anayepapasa chini ya kiti, kisha akaangalia saa, akaingia darasani mapema.

Mei, siku ya kupamba makaburi, Bibi Ottie alimwalika. Makaburi ya akina Ratliff yalikuwa kwenye mgongo wa kilima, na watu walikuwa wameyafagia na kuyawekea maua ya plastiki. Meza ndefu zilikuwa zimejaa kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi na saladi ya viazi. Orrin alileta pai ya dukani. Kutoka pale bwawa lilionekana vizuri, jeusi na tulivu, likiwa limejaa kuliko mwaka uliopita.

Mchungaji aliomba, kisha Bibi Ottie akasimama akagonga sahani kwa uma. Alikuwa amevaa gauni lake la mazishi.

"Mjukuu wangu ameandika kitu," alisema. "Naomba mtu yeyote asitafune."

Hakuna aliyetafuna. Darcy alikuja mbele na karatasi iliyopigwa chapa. Alisimama karibu na jiwe la Burl Ratliff, na alisoma kwa sauti safi, bila kukwama.

"Katika miaka ya hivi karibuni, jamii nyingi zimekumbwa na changamoto mbalimbali zinazohusu maji. Changamoto hizi zina sababu nyingi, na wadau wote wana nafasi yao. Mafuriko yanapotokea, wanajamii hupoteza mali, na wakati mwingine mwanajamii mmoja hupoteza maisha. Hata hivyo, kila tukio lina mafunzo..."

Ilikuwa kurasa mbili. Mchungaji alikuwa wa kwanza kusema amina, akaisema mara tatu. Watu walipiga makofi. Mjomba mmoja, ambaye aliendesha lori la kampuni na kwa miaka miwili hakuwa amekuja makaburini kwa kuogopa macho ya watu, alimkumbatia Darcy akasema hayo ndiyo maneno ya mtu aliyesoma. Darcy alitabasamu. Alionekana amepumzika.

Bibi Ottie alikuwa amesikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa nyuma ya sikio, akiinama mbele kidogo kila sentensi ilipoanza. Makofi yalipokwisha alisubiri zaidi, kama mtu aliyeambiwa kuna basi jingine. Kisha akaja na sahani yake akaketi kando ya Orrin kwenye benchi.

"Imeandikwa vizuri, Mwalimu," alisema.

"Amejitahidi sana, Bibi."

"Ndiyo. Imenyooka." Alilitazama jiwe la mumewe kama jiwe la jirani yeyote, akarudisha macho kwenye sahani. "Huyo anayesemwa humo, aliyekufa maji. Ni nani?"

Orrin alimeza alichokuwa nacho kinywani. Alisema ni mtu mmoja wa mabondeni huku.

"Maskini," Bibi Ottie alisema, akamwongezea kipande cha kuku. "Ana watu wake?"